Pikipiki ya safari inayozimika ikitaka: kwa spana boi anayeanza

Pikipiki isiyowaka kabisa ni kazi nyepesi. Inayotesa ni ile iliyozimika Mazeras, ikawaka yenyewe baada ya robo saa, ikamfikisha mwenyewe hadi Kisauni bila kukohoa. Ikiingia gereji ni nzima. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huanza kubadilisha plagi, koili, pampu na filta kwa kubahatisha, na mteja hulipa spea nne akiwa na tatizo lile lile. Huwezi kupima ugonjwa usiokuwepo. Kazi yako ya kwanza ni kuurudisha, ya pili ni kuwa na kipimo mahali pake ukirudi.

Kabla ya kushika spana, muulize mwenyewe. Ilizimika ghafla, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo, au ilikatakata na kupoteza nguvu kwanza? Taa za dashibodi zilibaki? Tangi lilikuwa na kiasi gani? Ilikuwa mwendoni, au imesimama kwenye foleni ya feri Likoni feni ikizunguka? Ilioshwa lini? Kufa ghafla mara nyingi ni umeme. Kufa kwa kukatakata mara nyingi ni mafuta au hewa. Dashibodi ikizimika pamoja na injini, anza kwenye vichwa vya betri, fyuzi kuu na swichi ya ufunguo. Dashibodi ikibaki, tazama swichi ya kuzimia injini, swichi ya stendi ya pembeni, rilei na sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya injini kwamba injini inazunguka.

Muulize pia kilichoongezwa. Pikipiki za safari hubeba taa za ziada, chaji ya simu, king'ora na kifaa cha kufuatilia. Viwili vya mwisho ndivyo vya kushuku kwanza, kwa sababu mara nyingi aliyevifunga alikata waya wa kuwashia injini akaupitisha kwenye rilei ndogo, akaunga kwa kusokota na kuzungushia tepu. Fuata waya huo hadi mwisho. Ukikuta kiungo cha tepu, rudisha njia ya kiwandani kwa muda, kisha jaribu barabarani kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa vipimo vya dakika kumi. Betri ikipumzika iwe na volti 12.6 hadi 12.8. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000, taa kubwa zikiwaka, utarajie 13.5 hadi 14.7. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata: ikizidi volti 0.3, erthi ni mbovu hata kama inaonekana safi. Injini ikiunguruma, zungusha usukani kutoka ncha hadi ncha, kwa kuwa nyaya zinazopita shingoni hukatika shaba ndani huku gamba likiwa zima. Isimamishe kwenye stendi ya kati, tia gia huku umeshika klachi, halafu mtu atikise stendi ya pembeni ikiwa imekunjwa. Ikifa, umepata. Swichi hiyo unaweza kuiruka kwa waya kwa ajili ya kipimo tu. Usimkabidhi mteja pikipiki iliyorukwa swichi ya stendi. Akisahau kuikunja, kona ya kwanza ya kushoto itamwangusha.

Ikiwa bado haijajionyesha, funga taa za shahidi, yaani taa ndogo zitakazoonyesha umeme ulikatikia wapi. Hiki ndicho kifaa bora kuliko mashine yoyote ya kukodi. Chukua taa mbili ndogo za LED za volti 12, kila moja na fyuzi ya ampea 1. Nyekundu iunge kwenye waya unaotoka swichi ya kuzimia injini, kijani kwenye waya unaoipa pampu ya mafuta umeme. Zifunge karibu na mita za dashibodi, kila moja ndani ya kipande cha mpira mweusi, maana kwa jua letu la mchana hutaona kitu. Tumia mchoro wa nyaya wa modeli hiyo, wala usiunge taa kwenye waya wa sensa yoyote.

Muelekeze anayeendesha: ikifa, asishike klachi mara moja. Achepuke kushoto kwa usalama, gurudumu likiendelea kuizungusha injini, na atazame. Nyekundu ikizimika, umeme umekatika kabla ya kufika kwenye kompyuta: ufunguo, fyuzi, swichi. Nyekundu ikibaki, kijani ikazimika, na kishale cha mizunguko kikaanguka sifuri ilhali injini bado inazungushwa na gurudumu, ishara ya sensa ya krenki imepotea. Kompyuta inadhani injini imesimama, ndiyo maana imeikata pampu. Kishale kikibaki hai na kijani ikazimika, shuku rilei ya pampu. Taa zote zikibaki huku injini inakatakata, fuata mafuta. Kijani kuzimika baada ya injini kusimama kabisa si dalili; ni kawaida yake.

Sensa ya krenki hupenda kufa ikiwa moto na kufufuka ikipoa, ndiyo maana robo saa ya kivulini hudanganya watu. Zile zenye koili ndani, pima ukinzani wake zikiwa baridi, kisha ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele na pima tena. Ukinzani ukiruka ghafla au ukikatika, ibadilishe. Kiwango sahihi kimo kwenye kitabu cha kiwanda, hakifanani modeli hadi modeli.

Hapa pwani, chumvi ya hewani hula kontakti. Fungua kila soketi iliyo chini ya tangi na nyuma ya mita, utafute ukijani. Safisha kwa spreya ya kontakti, usisugue kwa msasa kwani unaondoa tabaka linalozuia kutu, kisha paka grisi ya umeme. Pini iliyolegea haiponi kwa spreya. Ibanwe au ibadilishwe.

Upande wa mafuta, anza na kifuniko cha tangi. Tundu la kupumulia likiziba kwa vumbi, au mpira wake ukikunjwa na mfuko wa mizigo uliofungwa juu ya tangi, pikipiki huenda vizuri mwendo mrefu kisha hupungukiwa. Ikifa, fungua kifuniko: ukisikia hewa ikivutwa na injini ikawaka papo hapo, umemaliza. La sivyo, chota mililita 200 kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya glasi, iache dakika 15. Maji yatakaa chini. Kisha pima presha kwa geji, pikipiki ikiwa na mzigo, kwa sababu filta iliyoziba nusu huonekana nzima ikiwa imesimama.

Ikiwa inafa kwenye foleni tu, safisha kaboni kwenye tundu la hewa, nyunyiza maji kidogo kwenye mipira ya hewa kusikiliza kama mngurumo utabadilika, halafu upime nafasi za valvu. Vitabu vingi vinataka injini iwe chini ya nyuzi 35. Mwezi wa Februari, hiyo ni kazi ya saa kumi na mbili asubuhi baada ya pikipiki kulala gerejini.

Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, kisha iende Mariakani na kurudi ikiwa na mzigo ule ule. Taa za shahidi zibaki mahali pake hadi irudi.