Neema, kuhusu kaka yako na ile sala

Neema mwanangu,

Meseji yako imenikuta sokoni na mikono ina maji ya dagaa, nikaona hili sio la kujibu juu juu, ngoja nifike nyumbani nikae. Umeniuliza, "Mama, hivi kaka Elia bado anaamini Mungu? Nataka afungue sala kwenye sendofu yangu ila naogopa atakataa mbele za watu." Nimemsomea baba yako, kasema mwambie amuulize mwenyewe. Baba yako kila kitu mwambie amuulize mwenyewe, sijui angekuwa mchungaji ingekuwaje.

Wewe mwaka ule wa 2017 ulikuwa bweni, kidato cha pili, na tulikubaliana usiambiwe yote, ukipiga simu kwa matroni unaambiwa kaka anaendelea vizuri basi. Kwa hiyo vitu vingi unavijua nusu nusu.

Ule uvimbe wa shingoni unaukumbuka. Usichokijua ni lile jasho la usiku, yaani shuka unalikamua, na alivyokonda mpaka kule hosteli za Mlimani wakaanza kunong'ona yale wanayonong'ona kijana akikonda. Kuna mahali wakasema TB. Mpaka walipokata kinyama Muhimbili ndio jibu likatoka, Hodgkin, saratani ya tezi, tukaambiwa twende Ocean Road, hospitali ya saratani. Shangazi yako mkubwa akaleta wale watu wake wa maombi, wakaanza kuliuliza pepo linaitwa nani, na kaka yako na homa yake akawajibu, linaitwa Hodgkin, daktari Mwingereza aliliandika tangu 1832, jina tunalo tayari sasa hivi tunatafuta dawa. Baba yako alitoka nje kwenda kucheka. Mimi sikucheka siku ile, nimekuja kucheka baadaye sana peke yangu jikoni.

Dripu ilikuwa kila baada ya wiki mbili, dawa nne siku moja. Moja nyekundu kabisa, akitoka hapo hata mkojo unakuwa mwekundu, mara ya kwanza tulidhani ni damu, nyingine wanaifunika isipigwe na mwanga. Na kabla ya dripu lazima damu ipimwe, FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, chembe nyeupe zikiwa chini mnarudishwa nyumbani. Sikufichi, kilichokuwa kinanimaliza sio kutapika wala nywele, ni kule kurudishwa. Mmefunga, mmeomba, mmeamka saa kumi, mnafika karatasi inasema bado. Sasa hapo unamwambia Mungu nini? Si ndio ulichoomba hicho hicho, chembe nyeupe? Nilikuwa naomba mpaka namba, Mungu naomba zifike mbili, na baba yako ananiangalia tu.

Kwenda tulipanda mwendokasi mpaka Kivukoni tunamalizia kwa mguu. Kurudi ndio kasheshe, pale Feri samaki wanakaangwa na mtu katoka kwenye dripu, hata kituoni hafiki. Ndipo Baba Swaumu jirani akaanza kutufuata na teksi yake, hela ya mafuta tu, tena siku nyingine hataki. Huyo hakuwahi kuniambia "tuko pamoja katika maombi". Za hivyo simu yangu ilijaa, za usharika, za kikundi cha akina mama, na mikono ile ya njano imepangwa mistari miwili. Unanijua, nimesema hili tangu mko wadogo na nitalisema tena, aliyekuja ndiye aliyeomba. Sasa utaniuliza na bibi yenu je, miguu ilikuwa imeshakataa, yuko Machame, hakuja hata siku moja na kila alfajiri alikuwa macho anamtaja Elia. Haya, bibi namtoa. Na baba yako mdogo alikuwa anatuma hela. Haya na huyo. Lakini wengine nabaki pale pale, aliyekuja ndiye aliyeomba.

Na Mama Salim, ambaye sijui nimuweke wapi maana yeye hakuja kwetu, alikuja na mtoto wake. Walitoka Tanga, Salim lika moja na kaka yako, ugonjwa ule ule, ila walikuwa wamezunguka sana kabla ya kufika, kwake ulishafika kwenye ini. Tukawa tunatandika mkeka mmoja nje chini ya miti, lile jengo la zamani la Mjerumani nyuma yetu, bahari mbele, tunasubiri watoto. Yeye anasoma Yasini yake mimi nasoma Zaburi ya 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima", akanikatisha, Mama Elia, milima gani mwenzangu, hapa si bahari tupu? Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutuangalia. Watoto wakitoka alikuwa anamuwekea Salim mkono kichwani anamsomea, akimaliza hauondoi kwanza, anauhamishia kwa Elia anaendelea. Hakuniomba ruhusa. Mimi nilikaa kimya, na kuna watu nikiwaambia hili mpaka leo wanakunja uso.

Salim alifariki kabla hawajamaliza dozi. Kaka yako alimaliza. Wakampiga kipimo, ugonjwa hauonekani.

Sasa ndio nije kwenye ile Jumapili, kwa sababu najua shangazi yako amekusimulia kivyake. Nilitangaza shukrani. Sare ya kitenge, mbuzi katoka Machame, pilau, wazee wa kanisa wote wameambiwa Elia atasimama atoe ushuhuda. Jumamosi usiku ananiambia mama mimi sisimami. Nikamtolea wale wakoma kumi, kwamba Yesu aliwaponya wote akarudi mmoja tu kushukuru, wewe unataka kuwa kwenye wale tisa? Akaniangalia, akasema mama, wale kumi walipona wote. Sisi hatukupona wote. Nikisema Mungu aliyasikia maombi yenu, Mama Salim alikuwa anaongea na nani?

Nikamwambia akalale, kachoka.

Asubuhi kitanda kimetandikwa na meseji moja, nimeenda Tanga narudi kesho msinisubiri. Mchungaji akaita jina lake, tukaenda mbele mimi na baba yako na bahasha na kitenge changu kipya, nikasema amepata safari. Kule nyuma nikasikia mtu anauliza safari gani Jumapili hii. Mwanangu, nimezaa watoto, nimezika wazazi, lakini ile njia ya kutoka madhabahuni kurudi kwenye benchi sijawahi kutembea njia ndefu vile. Na pilau ilibaki masufuria.

Usiku Mama Salim akapiga. Mama Elia, mtoto yuko huku usihangaike, kala vizuri. Nimemlaza kitanda cha mwenzie.

Najua unachotaka kuniambia. Utanirudishia maneno yangu mwenyewe, kwamba aliyekuja ndiye aliyeomba, na siku ile aliyekwenda ni yeye. Nimeshajiambia hilo sana tu na sijalikubali lote. Angeweza kwenda Jumatatu! Mungu alistahili nusu saa yake, na mimi mama yake nilistahili. Halafu nikifika hapo namuona yule mama wa Tanga anamfungulia mlango mtoto wa mwenzie aliyepona, nabaki sina neno.

Kwa hiyo anaamini au haamini, ukinibana sana ninalo jibu langu, ila ukilipata kwangu utaenda kumpima nalo, halafu aanze kujitetea kwako. Kanisani haji, kweli. Kila akienda kliniki kuangaliwa anapiga simu Tanga kabla ya kunipigia mimi, hiyo nayo ni kweli, na inaniuma kidogo.

Sala mpe baba mdogo, anapenda kipaza sauti, ila mwambie dakika tano. Elia mpe kazi ya kupokea wageni wa Tanga stendi na kukaa nao meza moja, Mama Salim nimeshamwalika, andika kadi yake dabo maana atakuja na mdogo wake. Na mwambie mpishi wa pilau atenge nyama yao kwa Baba Swaumu, yeye ndiye atakayechinja.

Mama