Kusaini mahudhurio si kukubali mchoro

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Kampuni ya upangaji ililetwa, ikachukua taarifa zake, ikarudi na mchoro. Warsha ya kuupitia ilifanyika Jumatano saa nne asubuhi. Mtaa una kaya zaidi ya 400, wakaja watu 63. Mchoro ulioneshwa ukutani kwa projekta, yakaulizwa maswali mawili matatu, tukasaini karatasi, tukanywa soda, tukatawanyika. Sasa wameanza kupiga alama nyekundu kwenye kuta na watu wamekuja juu. Barabara ya mita 6 inakula jiko na choo cha mama mmoja mjane ambaye hakuwepo kikaoni. Kampuni inasema wananchi walishaupitisha mchoro. Je, umepita? Na tukiomba warsha nyingine, tuiendeshe vipi isije ikawa ileile?

JIBU: Haujapita kwa maana wanayoitumia wao. Karatasi mliyosaini inathibitisha kwamba watu 63 walikuwa mahali fulani siku fulani, basi. Mimi ni mpangaji miji, nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza hiyo. Karatasi hizo nimezikusanya mwenyewe na kuzibana nyuma ya ripoti kama kiambatisho, kwa hiyo najua zinavyotumika.

Uzito wa jambo hili uko hapa. Serikali ikitwaa ardhi kwa mradi, uthamini hufanyika na fidia hulipwa. Kwenye urasimishaji, barabara hupatikana kwa wenye maeneo kumega wenyewe, na kwa kawaida hakuna fidia. Mtu anatoa mchango wa upimaji, kisha anatoa na kipande cha ardhi juu yake. Jambo la namna hiyo halisimami bila ridhaa, na ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapofika kwenye urasimishaji, inataka mpango wenyewe uoneshe watu wa eneo watashirikishwaje. Ukumbi hata ungefurika hadi barazani, mkutano hauwezi kumega jiko la mtu ambaye hayupo. Mama huyo anatakiwa afuatwe kwake, asimame na mtaalamu juu ya mstari, aoneshwe unapoanzia na unapoishia. Akikubali, makubaliano yaandikwe kwa jina lake, pamoja na vipimo vya kinachomegwa, na majirani wanaopakana naye wasaini.

Kabla ya warsha yoyote, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa kampuni, mkiomba mchoro usipelekwe kuidhinishwa hadi mapitio yafanyike. Hilo ni la wiki hii. Mchoro ukishaidhinishwa na bikoni, zile alama za mipaka, zikapandwa, kuubadilisha ni safari nyingine yenye nauli yake. Kwenye Baraza la Kata msipoteze muda kwa suala hili: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui, na linawafaa zaidi majirani wawili wanaogombea mpaka.

Sasa warsha yenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa ile projekta. Mchoro wa mtaa mzima ukutani ni picha nzuri ya rangi rangi ambayo hakuna anayejiona ndani yake. Fanya hesabu. Kwa skeli ya 1:2,500, milimita moja ni mita mbili na nusu, kwa hiyo barabara yenu ya mita 6 ni mstari wa milimita 2.4, na chumba cha kawaida ni kama nukta ya kalamu. Kwa skeli ya 1:500 barabara hiyohiyo inakuwa na upana wa milimita 12, na mtu anaweza kuweka kidole juu ya ukuta wake. Karatasi moja kubwa ya A0 kwa skeli hiyo inabeba takriban hekta 25. Daini hizo. Zitandikwe mezani au hata chini kwenye mkeka, na juu yake ziandikwe alama ambazo watu wanazijua: msikiti, mwembe, kisima, kwa fundi wa magurudumu, duka la mangi. Namba za viwanja zinamsaidia mchoraji. Mwenyeji anatafuta mwembe.

Nitakupa mfano. Tulikuwa tumetandika karatasi za namna hiyo kwenye darasa la shule ya msingi. Mama mmoja muuza mihogo alizunguka meza mara mbili bila kusema kitu, kisha akaweka kidole kwenye njia tuliyoichora kutoka kwenye picha ya setilaiti. “Hapa hamtapita. Hapa mwezi wa nne ni maji.” Sisi tulikuwa tumeona mstari mweupe wa mchanga kati ya nyumba, tukasema njia. Kumbe mstari ule ulilimwa na mvua za masika. Ulikuwa mkondo wa maji uliokauka. Tungeupima na kuuita barabara, maji yangehamia vyumbani mwa watu. Picha ya setilaiti haijui masika, na mchoraji aliyekuja mwezi wa tisa naye hajui.

Kwa hiyo nusu ya warsha iwe ya miguu. Chukueni kamba, vigingi na chokaa. Kateni kamba ya mita 6, watu wawili waishike kila mmoja ncha yake, mtembee mstari wote unaopendekezwa. Mtashangaa mabishano yanavyobadilika. Aliyekuwa akisema “barabara ni maendeleo” anakutana na kamba ikiwa imeingia sebuleni kwake, na aliyekuwa akipinga anagundua kinachoguswa ni michongoma tu. Muda huo wa kutembea ndio wa kuuliza barabara hii inapitisha nini. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5. Mita 6 ni za magari mawili kupishana. Je, hapa magari yanahitaji kupishana, au inatosha gari moja kuingia na kugeuza mbele? Mpangaji mzuri atakuwa na jibu kwa kila kipande cha njia. Akikwambia “ndivyo viwango vinavyotaka”, mwombe akuoneshe kipengele, halafu mwulize kama kinahusu eneo jipya tupu au eneo ambalo watu wameshajenga.

Kuhusu mahudhurio, Jumatano saa nne asubuhi anayepatikana ni mstaafu na mwenye duka. Fanyeni Jumapili kuanzia saa kumi, na msifanye mkutano mmoja mkubwa. Mkutano mkubwa una wasemaji wake, unawajua, na mjane hawezi kusimama mbele ya mwenyekiti aseme jiko lake linaonewa. Gaweni mtaa kwa vipande, nyumba ishirini au thelathini zinazotumia njia moja, kila kipande na kikao chake cha saa moja chini ya mti wake. Huko Nairobi, kaunti ilipoyatangaza makazi duni ya Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji mwaka 2017, kulikuwa na kaya zipatazo 100,000. Walianzia kwenye vikundi vya kaya kumi kumi, maoni yakawa yanapanda kutoka hapo. Sisi wenye historia ya nyumba kumi hatuna la kujitetea. (Nisikudanganye pia: mwaka 2021 matingatinga yalibomoa sehemu ya Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Ushirikishwaji haumzuii kila mwenye tingatinga.)

Halafu kuna wapangaji. Kiswahili kimetuchezea: mpangaji ni mimi ninayechora, na mpangaji ni yule anayelipa kodi ya chumba, na kwenye warsha nyingi wa kwanza hajui kwamba wa pili yupo. Wenye nyumba watakwambia wapangaji hawahusiki kwa kuwa hawana ardhi. Kwenye kumega, kweli, hawana la kusaini. Lakini nani anayejua njia ipi ina giza saa kumi na moja alfajiri, au foleni ya bomba la maji ilipo? Kwenye nyumba zenye vyumba vya kupanga, wao ndio wengi. Waalikeni kwa jina hilo kabisa, la sivyo watadhani tangazo si lao.

Linalobaki ndilo kampuni nyingi hulikwepa, kwa sababu halina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Fungueni daftari la hoja. Kila hoja ipewe namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye ramani mahali inapohusika. Daftarini kuwe na safu nne: hoja, aliyeitoa au kipande cha mtaa ilikotoka, jibu la mtaalamu, na kilichobadilika kwenye mchoro. Safu ya nne ikiandikwa “imezingatiwa” rudisheni. Kuzingatia ni neno letu la kiofisi la kusema hatukufanya kitu. Iandikwe “njia imesogezwa mita 2 kaskazini” au “haikubadilika kwa sababu hii na hii”. Baada ya wiki mbili kampuni irudi na michoro miwili, wa zamani na mpya, itundikwe sambamba ofisi ya mtaa pamoja na nakala ya daftari, ikae hapo watu waipitie wakitoka kazini. Siku ya kupitisha ndipo msaini, na juu ya karatasi iandikwe mnachosaini, pamoja na tarehe ya mchoro wenyewe. Isiwe tena “Mahudhurio” peke yake.

Nikirudi kwa mama wa jiko. Kabla hamjapigania barabara iondoke, muulizeni choo chake kikijaa kinanyonywaje. Kama gari la majitaka halifiki na analipa vijana watapishe usiku kwa ndoo, huenda yeye mwenyewe anaitaka hiyo barabara kuliko ninyi, ila ipite upande wa pili wa nyumba, au imegwe mita tatu kwake na tatu kwa jirani mwenye uwanja mpana. Jirani huyo alikuwepo kwenye kikao cha Jumatano? Angalieni jina lake kwenye zile saini 63.