Zege tupu, na wanaolichukia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza ni nani aliyewashawishi watu wa nchi nyingi namna hii wajenge majengo ya zege tupu, mazito, bila lipu wala rangi, mtindo uitwao brutalisimu. Na kwamba wasanifu wanapoyasifu, je, si kujidai tu? Tena unauliza kama yabomolewe.

Anzia kwenye vita. Mwaka 1945 miji mingi ya Ulaya ilikuwa magofu, watu hawana pa kulala, na chuma kilikuwa adimu. Huko Marseille, Ufaransa, msanifu Le Corbusier alipewa kazi ya kujenga jumba moja lenye makazi 337, maduka yakiwa ghorofa za katikati na shule ya watoto wadogo juu ya paa. Alitaka fremu ya chuma. Uhaba ukamsukuma kwenye zege. Mbao zilizoshikilia zege bichi zilipobanduliwa, kuta zilikuwa na alama, vinundu na viungo visivyokutana. Mwingine angeita mafundi wa lipu. Yeye akaviacha vionekane, na jumba likakamilika mwaka 1952. Jina brutalisimu, ambalo Waswidi walianza nalo kwa utani kabla Waingereza hawajalichukua kwa dhati, linahusu huo ughafi, brut kwa Kifaransa, si ukatili, brutal kwa Kiingereza.

Waingereza waliolishika ni wasanifu Alison na Peter Smithson, mume na mke. Shule yao ya Hunstanton, iliyokamilika mwaka 1954, ni ya chuma, matofali na vioo, na mabomba yake yanaonekana wazi. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema mtindo huu ni zege tu. Walichotaka ni jengo lisifiche limejengwa kwa nini wala linasimamaje. Zege lilishinda kwa sababu lilikuwa nafuu, na serikali zilikuwa na haraka ya kujenga nyumba, vyuo na hospitali.

Kila nchi ililipokea kwa sababu zake. India ilipogawanywa mwaka 1947, Lahore, makao makuu ya jimbo la Punjab, ilibaki Pakistan, kwa hiyo Punjab ya upande wa India ikahitaji makao makuu mapya. Serikali ya waziri mkuu Nehru ikamwita Le Corbusier, na mji wa Chandigarh ukajengwa. Kule mashine zilikuwa chache. Zege lilibebwa kichwani kwenye karai, na wengi wa wabebaji walikuwa wanawake. Kuta nene zenye vivuli virefu zilikuwa na kazi ya kuzuia jua, kazi ambayo London hakuna aliyeihitaji.

Brazili ndiyo inayonivutia zaidi. Vilanova Artigas alichora kitivo cha usanifu cha Chuo Kikuu cha São Paulo, jengo lisilo na milango kwenye lango lake kuu, wanafunzi wakipanda kwa njia za mteremko kuzunguka ukumbi mmoja mkubwa. Lilikamilika mwaka 1969. Mwaka huohuo utawala wa kijeshi ukamfukuza chuoni. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema zege hili ni mtindo wa madikteta, mweleze habari za Artigas.

Sasa, chuki imetoka wapi? Sehemu yake ni haki kabisa. Hewa ukaa hupenya kwenye zege polepole na kuondoa ile hali inayokinga nondo zisishike kutu. Nondo zikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Nondo zikiwa zimefunikwa na zege jembamba, na fundi alikuwa na haraka, hayo huja mapema. Ongeza mvua za Uingereza zinazoacha michirizi myeusi ukutani, na ukuta usiozuia baridi ukatoa jasho chumbani.

Lakini linganisha majengo mawili ya London. Barbican ilijengwa kwa wapangaji wenye kipato, mafundi wakaligonga zege kwa mkono hadi kokoto zikatokeza, na ina watumishi wanaoitunza. Leo makazi yake ni ya bei kubwa. Robin Hood Gardens, kazi ya akina Smithson iliyokamilika mwaka 1972, ilikuwa ya wapangaji wa manispaa. Ilitunzwa vibaya, ikasemwa vibaya, na mwaka 2017 ikaanza kubomolewa. Zege lilikuwa zege pande zote mbili.

Kwa hiyo, yabomolewe? Mengine ndiyo. Lililojengwa kwa zege bovu sioni sababu ya kulililia. Lakini lile ambalo nondo zake bado nzima, mimi ningelitengeneza, maana hewa ukaa iliyotoka saruji yake ilipochomwa kiwandani imekwisha kutoka, na kujenga upya kungetoa nyingine.

Hata hivyo, tazama Park Hill, makazi ya zege kule Sheffield, Uingereza. Ilifunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya wapangaji wa manispaa, ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1998, kisha ikakarabatiwa, na katika sehemu ya kwanza matofali yaliyojaza fremu yakatolewa na mahali pake zikawekwa paneli za alumini zenye rangi. Imependeza. Ila sehemu kubwa ya makazi hayo sasa inauzwa sokoni, na wengi wa wapangaji wa zamani walihamishwa. Hilo huniudhi kuliko michirizi yote ya mvua.

Nisalimie nyumbani kwako.

Mama yako