Barua kwa mwanangu: vitabu vya hadithi za Kiswahili msivitoe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mjukuu wangu anaanza darasa la kwanza Januari, shule ya mchepuo wa Kiingereza, na mwalimu wake amewashauri mseme naye Kiingereza tu nyumbani, na vitabu vya Kiswahili mviweke kando asije akachanganyikiwa. Ukaniuliza: "Mama, wewe umefundisha madarasa ya chini miaka yote. Hadithi za Kiswahili zitamsaidia nini, na masomo yake yote ni Kiingereza?"

Msivitoe. Ongezeni vingine.

Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu. Siku anapong'amua kwamba zile alama karatasini zinasema kitu, amepata ufunguo, na atautumia kwa lugha yoyote atakayokutana nayo baadaye. Huo ufunguo anaupata upesi zaidi katika lugha anayoiota usiku. Isitoshe, Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake. Akishashika ba be bi bo bu anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakimpi nafasi hiyo, na ukimwanzishia huko, anahangaika na herufi huku maana nayo haijui. Wengi wanaishia kukariri. Utamsikia anateremka na ukurasa mzima bila kukwama. Muulize nani kafanya nini, kimya.

Sisemi kwamba Kiswahili ni mteremko mtupu. Maneno yetu ni marefu, na hapo ndipo watoto wengi wa darasa la pili wanapokwama. Chukua "hawakumsikiliza". Mtoto anaweka kidole chini ya neno: ha-wa-ku-m-si-ki-li-za. Akifika "za", mwanzo wa neno umeshampotea, anarudi upya, anachoka. Kitabu cha kiada kinalitumia neno hilo mara moja, kisha kinahamia zoezi. Hadithi nzuri hailiachi hivihivi. Inamrudishia ukurasa wa tatu, ukurasa wa tano, tena mahali ambapo ana hamu ya kujua kilichotokea. Mara ya nne analisoma kwa pumzi moja, na wala hajui kwamba amefundishwa. Ngano zetu zimejengwa kwa marudio, na kwa msomaji anayeanza sijaona zana bora kuliko hiyo.

Hata ile ya kima na papa niliyokuwa nakusimulia ni hivyo. Ni ya zamani sana. Edward Steere, yule mmisionari aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Darasani nilikuwa nasoma mpaka pale papa amembeba kima mgongoni, wako katikati ya bahari, anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Hapo nafunga kitabu. "Wewe ungejibu nini?" Mmoja atasema angeruka. Mwenzake anamwambia atazama. Mwingine atasema angelia. Halafu tunafungua tuone kima alivyodai kwamba moyo ameuacha nyumbani, juu ya mti. Darasa zima limeshafikiri, limebishana, na limesubiri neno lililoandikwa liwape jibu. Huo ndio ufahamu, na hakuna mtihani uliowahi kunipa kiasi hicho.

Kuna jambo lingine linaloniuma. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini watoto wengi humo wanamaliza bila kushika kitabu kingine zaidi ya cha kiada. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, Dar es Salaam. Uliwasaidia waandishi na wachoraji wetu, ukanunua nakala kwa wachapishaji na kuzipeleka mashuleni. Nilishika vitabu hivyo kwa mikono yangu. Vilichakaa kwa kusomwa. Kwa hiyo mtu asiniambie watoto wetu hawapendi kusoma.

Ila usinunue chochote ilimradi ni Kiswahili. Vingi vina haraka ya kuonya: mtoto anakosea ukurasa wa pili, anaadhibiwa wa nane, wa mwisho ni hotuba. Mtoto anauona huo mtego kutoka mbali na anakichoka kitabu. Tafuta chenye mtoto mwenye akili yake, anayetaka kitu na kukihangaikia. Vingine vimetafsiriwa vibaya, watu humo wanaongea kama hakuna mama aliyewalea. Pale pale dukani soma ukurasa mmoja kwa sauti. Ulimi ukikwama, kirudishe. Tazama na picha: asiyejua kusoma bado aweze kufuata kisa kwa macho.

Mkuki na Nyota wanachapisha vitabu vya watoto, anza na hao. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Mpeleke Jumamosi moja. Pesa ikibana, African Storybook wana hadithi za Kiswahili bure mtandaoni, mnaweza kuzichapa.

Kiingereza shule itamfundisha, ndiyo kazi mliyoilipia. Mwalimu wake mwambie kwa heshima kwamba shuleni atafuata utaratibu wao wote, ila jioni anasomewa Kiswahili na mama yake. Dakika kumi na tano zinatosha. Kidole kifuate mstari, na akitaka kitabu kilekile wiki nzima, msomee hichohicho.

Baba yake naye asome. Watoto wa kiume wakiona kitabu ni kazi ya mama tu, wanakiacha mapema.

Nimempa dereva wa basi la kesho bahasha yenye vitabu vitatu, kaipokee stendi. Cha sungura ni cha mume wangu huyo mdogo kuanza nacho. Maneno yake ni mafupi.

Wasalimie wote.

Mama yako