Mbeba boksi mwenye mtoto mchanga: panga saa ya kurudi

Nyumbani wakisema fulani yuko Marekani anabeba boksi, watu wanacheka. Mimi nazibeba kweli. Huu ni mwaka wa tatu napeleka barua na vifurushi nje kidogo ya Columbus, Ohio, na mwanangu ana miezi tisa. Wadada kadhaa wameniuliza pembeni kama hii kazi ya posta inawezekana ukiwa na mtoto mchanga. Inawezekana. Ila nilivyoianza mimi, wewe usiianze hivyo.

Kwanza uielewe kazi yenyewe. Cheo changu kinaitwa RCA, yaani mpeleka barua wa akiba kwenye ruti za vijijini. Hiyo "vijijini" isikudanganye, maana ndani yake kuna mitaa ya nyumba mpya zenye gereji za magari mawili. Kila ruti ina mwenyewe, mwajiriwa wa kudumu, na mimi naishika siku yake ya mapumziko, au akiumwa, au akienda likizo. Kwenye karatasi inaweza kuwa siku moja tu kwa wiki. Halafu Jumatano saa 12 na nusu asubuhi simu inalia: mwenye ruti fulani ameteleza kwenye barafu, unaweza kuja? Na tangu posta ya huku ianze kupeleka vifurushi vya Amazon siku za Jumapili, mwaka 2013, hata Jumapili huwezi kuiwekea ahadi. Kuna wiki nimefanya saa 8, na kuna wiki nimefanya 45.

Nilipokuwa mjamzito, kila aliyenishauri alinishauri kuhusu asubuhi. Andaa mfuko wa mtoto usiku, panga chupa, weka nguo zako kwenye kiti, lala mapema (huyo wa kulala mapema sijui alizaa mtoto wa aina gani). Nikajipanga kwa asubuhi kama askari anayesubiri paredi. Kumbe asubuhi haikuwa tatizo. Hata simu ikilia ghafla, saa ya kufika kazini inajulikana. Isiyojulikana ni saa ya kutoka.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Unafika, unapanga barua kwenye kabati la vijumba, kila nyumba na kijumba chake. Lori la vifurushi likichelewa, mnasubiri wote. Unapakia, unatoka, unapita sanduku moja baada ya jingine, mia tano na kitu. Theluji ikiwa imeziba mdomo wa sanduku, unashuka unaifuta kwa mkono. Saa 10 alasiri umemaliza, umefurahi, unarudi ofisini, na hapo unaelezwa kuwa mwenzako amekwama, kamchukulie mitaa miwili. Huwezi hata kumlaumu mtu, maana kesho wewe ndiye utakayekwama. Lakini ile mitaa miwili ni saa moja na nusu, na kituo cha kulelea watoto kinafunga saa 12 jioni.

Mwezi wangu wa kwanza kurudi kazini nilifika pale saa 12 na dakika 25. Taa za madarasa zilikuwa zimezimwa, imebaki ya kwenye korido. Mwanangu alikuwa mapajani mwa mlezi, amevalishwa koti na kofia, yuko tayari kwa safari, na mlezi naye ana koti lake. Nikalipa faini, dola moja kwa kila dakika, nikaomba radhi mara sita. Kwenye gari nikampigia mama yangu Tanga. Kule ilikuwa saa 8 usiku. Akapokea mlio wa kwanza, akanisikiliza nikilia hadi nikamaliza, akaniuliza swali moja: "Sasa jioni unaye nani?"

Asubuhi nilikuwa na watu watatu. Jioni sikuwa na mtu.

Ndiyo maana nakwambia upange kuanzia mwisho wa siku. Kituo cha kulelea watoto ni kizuri kwa ile siku moja unayoijua, siku ya ruti yako. Kwa siku za kuitwa kinakuumiza mara mbili, kwa sababu nafasi yake unailipia hata usipoitwa, na ukiitwa kinafunga kabla hujarudi. Unachohitaji ni mtu ambaye jioni yake inavutika. Mume wangu anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, anaondoka nyumbani saa 11. Kwa hiyo pengo letu lilikuwa kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Ukishalipima pengo lako hivyo, kwa saa na dakika, linapungua ukubwa. Mimi nilikuwa nikiona sina mtu wa kulea mtoto, kumbe ninachokosa ni mtu wa saa tatu.

Wa saa tatu nilimpata ghorofa ya chini yangu, mama wa makamo kutoka Bukavu ambaye watoto wake wameshakua. Nilikuwa nikimsalimia tu kwenye ngazi. Siku moja akamshika mwanangu nikiwa natoa mizigo kwenye gari, na mtoto aliyekuwa akilia tangu dukani Kroger akanyamaza. Sasa namwita Mama, na kila jioni ananitumia ujumbe ule ule: "Mutoto iko muzuri." Mwanangu ataanza kusema Kiswahili cha Kivu kabla ya cha Tanga, na bibi yake ameshaanza kulalamika.

Hapa niseme jambo ambalo sisi Waafrika tunaliona la aibu. Zungumza pesa siku ya kwanza. Nilimwendea Mama na maneno ya "utanisaidia tu, nitakuwa nakukumbuka kidogo," na yeye kwa heshima akasema haina shida. Wiki tatu nilikuwa nikimpelekea mchele na kuku, nikidhani nalipa. Kumbe alikuwa ameacha kibarua cha kusafisha ofisi jioni ili simu yangu imkute nyumbani. Aliniambia binti yake, si yeye. Niliona haya sana. Tukakaa chini, tukakubaliana: kiasi fulani kila wiki kwa kunisubiri tu, niitwe nisiitwe, na juu yake kiasi kwa kila saa ya kumshika mtoto. Mtu anayekuwekea jioni yake anakuuzia kitu hata usipokitumia. Siku hizi napigiwa simu asubuhi nikijua jibu lake, kwa sababu jibu nimelilipia tangu Jumatatu.

Na usimtumie kwa kila kitu. Mtoto akiwa na homa kazi siendi, basi. Mama ana kisukari na miaka yake, na mgonjwa wangu si mzigo wa kumshushia ngazi.

Nije kwenye maziwa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaachia njiani. Sheria ya Tanzania ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Huku mtoto yuko maili kumi na tano kutoka ulipo, kwa hiyo kinachopewa nafasi ni pampu. Sheria iliyosainiwa Desemba 2022 inamtaka mwajiri akupe muda wa kukamua kila unapohitaji, kwa mwaka mmoja tangu kujifungua, na mahali pa faragha ambapo si chooni. Nilimwandikia msimamizi wangu wiki mbili kabla ya kurudi, ujumbe mfupi wenye tarehe: narudi siku fulani, nitahitaji kukamua takriban kila saa tatu, naomba tukubaliane mahali. Kuandika kunasaidia pande zote mbili. Ukisubiri kusema kwa mdomo asubuhi ya kwanza, lori limefika na watu wanakimbia huku na kule, hata mwenye nia njema hatakusikia.

Barabarani chumba ni gari. Magari yetu ya zamani ya posta, yale meupe ya mraba yaliyoundwa kati ya 1987 na 1994, usukani wake uko kulia kama nyumbani, ili mkono ufike kwenye sanduku la barua. Ndiyo starehe pekee niliyoiona humo. Hayana kiyoyozi, yana feni. Mimi naegesha pembeni kwenye maegesho ya kanisa moja lililo katikati ya ruti, natundika kanga mbili, moja mbele na moja kwenye mlango, na kutumia pampu ya vikombe vinavyoingia ndani ya sidiria. Dakika ishirini. Pampu yenyewe nilipewa kupitia bima, nawe ulizia kabla hujanunua. Maziwa nayatia kwenye kibegi cha baridi chenye pakiti za barafu. Mwongozo wa CDC, taasisi ya afya ya serikali ya huku, unasema humo yanakaa hadi saa 24, kwenye friji hadi siku nne, na nje ya baridi, joto lisipozidi nyuzi 25, saa nne tu. Gari la bati mwezi wa Julai lina joto la tanuri, kwa hiyo hizo saa nne zisahau kabisa. Nimewahi kuacha chupa mbili kwenye kiti nikidhani nimezitia kibegini. Nilizimwaga kwenye sinki nikiwa nimefumba macho.

Mwili pia useme. Kifurushi kimoja cha posta kinaweza kufika pauni 70, karibu kilo 32. Nilijifungua kwa upasuaji. Daktari alinipa karatasi ya kutoinua kizito kupita mtoto kwa wiki kadhaa, na nilipotaka kuificha ili nisionekane mzembe, mume wangu akaikunja akanitilia mfukoni: "Hii kaitoe." Kuna sheria nyingine hapa, inafanya kazi tangu Juni 2023, inayomtaka mwajiri amrekebishie kazi mjamzito au aliyejifungua, mradi isimtie yeye kwenye ugumu mkubwa. Haitekelezwi kwa kukisia. Lazima useme unahitaji nini.

Na kama hujabeba mimba bado, au ndiyo kwanza umepima, soma aya hii mara mbili. Nyumbani Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa pacha. Huku likizo inayolindwa na sheria ya mwaka 1993 ni wiki 12, haina malipo, na ili uipate lazima uwe umemaliza miezi 12 kazini na saa 1,250 za kazi katika miezi 12 iliyotangulia. Ukizigawanya ni kama saa 24 kila wiki. Mtu wa kuitwa anaweza kuzikosa bila kujua. Mimi nilizikosa kwa saa mia moja na kitu, kwa sababu nilikuwa nikikataa simu za Jumapili nikijihurumia na kichefuchefu. Nilipata wiki kumi kwa hisani ya msimamizi, na hisani haina sahihi. Zihesabu saa zako mapema, ziandike kwenye kalenda ya jikoni, uamue ukijua.

Pesa nitaipitia haraka. Bajeti yetu tunaipanga kwa wiki mbaya kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Kinachozidi, hasa cha ule msimu wa vifurushi wa kuelekea Krismasi, kinakwenda kwenye akaunti nyingine, nacho ndicho kinachomlipa Mama Januari na Februari simu zikipoa. Jambo moja zuri la ruti za vijijini ni kwamba kwa kawaida zina saa zilizokadiriwa. Ikikadiriwa saa nane ukamaliza kwa saba, unalipwa nane. Ndiyo maana sijawahi kuona kukamua kunanipunguzia mshahara.

Kuhusu kukataa simu, nina sentensi moja tu: "Nipe dakika kumi nikupigie." Zamani nilikuwa nikisema ndiyo papo hapo kwa woga, halafu naanza kuzunguka sebuleni kama kuku. Ndani ya hizo dakika kumi namtumia Mama ujumbe, naangalia chupa ngapi ziko kwenye friji, namwamsha mume wangu nusu. Chupa zikiwa chini ya nne na Mama ana miadi ya hospitali, napiga kusema leo hapana. Sitoi hadithi ndefu, na siku hizi wala hawaniulizi.

Swali linalobaki ni la dada mmoja aliyeniuliza kwa nini nisiache nikafungue zangu duka la mtandaoni la mitandio. Tumelizungumza, mimi na baba mtoto. Tulikubaliana nisiamue chochote hadi mtoto afikishe mwaka, kwa sababu uamuzi wa mtu asiyelala ni uamuzi wa usingizi. Imebaki miezi mitatu. Kwenye orodha ya kungoja ruti ya kudumu, mbele yangu wamebaki wawili, na mmoja ameanza kuulizia bei za nyumba Florida.