Majibu kwa Wasomaji: Hedifoni za Umemetuli na Amplifaya Zake

Barua nne kati ya zilizotufikia mwezi huu zinahusu hedifoni za umemetuli, yaani zile zisizo na sumaku wala koili, ambazo hutoa sauti kwa utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji na kuwekwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Nimeamua kuzijibu pamoja kwa sababu karibu kila tatizo lililoelezwa, hata pale mwandishi alipodhani analaumu amplifaya, linarudi kwenye chaji ya utando ule na jinsi inavyotunzwa.

Swali: Naishi Milimani, Kisumu. Tangu mvua za Aprili zianze, upande wa kushoto wa hedifoni zangu huanza ukiwa dhaifu, kisha baada ya nusu saa hivi hulingana na wa kulia. Kuna aliyeniambia kwamba utando umekufa na kwamba ninunue nyingine. Je, ni kweli? — *Mwalimu mstaafu, Kisumu*

Jibu: Mwalimu, usinunue chochote kwanza. Utando uliokufa haufufuki kila jioni baada ya nusu saa. Dalili unayoieleza ni ya unyevu, na kwa mtu anayeishi karibu na ziwa katika msimu wa mvua ndefu, hilo ndilo la kushukiwa kabla ya lingine lolote.

Hedifoni nyingi za siku hizi za aina hii hulishwa na amplifaya yake volti 580 kwenye utando, na volti hiyo hupitishwa kwenye rezista (kizuizi cha mkondo wa umeme) kubwa sana, ya mamilioni ya omu, ili mkondo uwe mdogo mno. Kwa sababu hiyo chaji huingia polepole, na haihitaji njia pana ili ipotee. Unyevu ukitanda juu ya plastiki inayoutenga utando na mabamba, chaji huvuja karibu kwa kasi ile ile inayoingia, na kwa kuwa nguvu ya sauti hutegemea chaji, upande ule husikika chini. Ukiendelea kuuacha umeunganishwa, plastiki hukauka kidogo kidogo, uvujaji hupungua, na upande wa kushoto humfikia mwenzake.

Hata hivyo, hakikisha kabla ya kuhukumu. Zivae hedifoni kinyume, kikombe cha kushoto kwenye sikio la kulia: udhaifu ukibaki upande ule ule wa kichwa, tatizo ni la sikio, na hilo hutokea kwetu sote tunaozeeka. Ukihamia upande wa pili, zivae tena inavyopasa, zima vyombo, kisha badilisha nafasi ya waya mbili zinazoingia nyuma ya amplifaya. Udhaifu ukihama, kasoro iko kwenye kicheza muziki au kwenye waya zake. Usipohama, iko kwenye hedifoni au kwenye sehemu ya kutolea sauti ya amplifaya.

Ikiwa ni hedifoni, zikaushe kwa subira. Tafuta mkebe mkubwa wenye kifuniko kinachobana, weka ndani vipakiti vya silika (punje zinazofyonza unyevu), ziweke hedifoni juu ya kitambaa safi na uziache humo siku tatu au nne. Silika ya punje za rangi ya chungwa ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu hugeuka kijani inaposhiba maji, nawe unaweza kuikausha kwenye ovena ya nyuzi 120 hivi na kuitumia tena. Nakusihi usizitie ndani ya mchele kama watu wanavyofanya simu inapoanguka majini, kwa maana mchele una unga, na unga huo ukiingia katikati ya mabamba utakuwa umebadilisha tatizo la wiki moja kuwa la kudumu. Usizianike juani wala usitumie mashine ya kukaushia nywele. Joto hulegeza utando, na utando uliolegea haukazwi nyumbani.

Baada ya hapo, mkebe uwe ndiyo makao yake kila usiku, hasa ukiwa na madirisha yanayopokea upepo wa ziwa wa alasiri. Kabla ya kusikiliza, ziunganishe na amplifaya sauti ikiwa imeshushwa kabisa, na uzisubiri kwa dakika kumi au kumi na tano zikiwa mezani badala ya kichwani, kwa sababu jasho nalo ni unyevu. Ukifanya hivyo kwa majuma mawili na upande wa kushoto usipate nafuu, basi hapo ndipo tutazungumza habari ya kubadilisha kikombe, na ni vizuri vibadilishwe vyote viwili ili vilingane.

Swali: Nikizibana hedifoni kichwani nasikia mlio mfupi kama wa karatasi nyembamba inayokunjwa. Je, ni vumbi? Fundi mmoja wa hapa mjini yuko tayari kuzifungua na kuzipuliza kwa pampu ya hewa. — *Msomaji, Nakuru*

Jibu: Mlio unaosikika tu unapozibana au unapotafuna si ugonjwa. Mto wa sikio ukiziba vizuri, hewa iliyo ndani huusukuma utando, na utando wenye unene wa mikroni chache tu hulalamika. Ziachilie kidogo ili hewa itoke, nao utanyamaza.

Vumbi lina sauti nyingine. Huchakacha au kulia kwa filimbi nyembamba hata ukiwa umetulia, mara nyingi kabla muziki haujaanza, kwa sababu chembe iliyonaswa imekuwa daraja la umeme kati ya utando na bamba. Ukisikia hivyo, zima. Nakuru ina vumbi jingi katika miezi ya kiangazi, na utando wenye chaji huvuta vumbi kama kioo cha televisheni za zamani kilivyokuwa kikivuta. Ndiyo maana watengenezaji huweka tando nyingine nyembamba za kukinga pande zote mbili, na kazi yako kubwa ni kuzilinda hizo: usizisukume kwa kidole, usizifute, na usiziache hedifoni zikitazama juu mezani.

Kuhusu pampu ya hewa, mshukuru fundi wako lakini umkatalie. Pigo moja la hewa linaweza kuunyoosha utando au kuupasua, na hata lisipoupasua, huyasukuma ndani zaidi yale mavumbi yaliyokuwa nje.

Swali: Nimepewa nafasi ya kuchagua kati ya amplifaya mbili za kampuni ya Stax zilizotumika: ile ndogo ya SRM-252S na ile ya valvu (taa za kioo za kukuza umeme) ya SRM-006tS iliyoletwa kutoka Japani. Hedifoni zangu ni SR-L300 za kampuni hiyo hiyo. Nimezisikiliza zote mbili na ya valvu imenivutia, lakini bei yake ni kubwa. Nifanye nini? — *Msomaji, Kakamega*

Jibu: Dada yangu, tuanze na hesabu. Hedifoni zako hutoa desibeli 101 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zikipewa volti 100. SRM-252S inaweza kutoa volti 280, na SRM-006tS volti 300. Tofauti hiyo ni desibeli 0.6 tu, ambayo katika muziki hutaitambua. Hata SRM-727A, amplifaya nyingine ya Stax yenye volti 450, huizidi ndogo kwa desibeli 4. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ya valvu ina nguvu zaidi hakuambii jambo lenye uzito.

Tofauti ya kweli, ikiwepo, hutafutwa kwenye sauti nyembamba za juu. Hedifoni hizi kwa umeme ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji, ya pikofaradi 110 hivi. Kwenye hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde, yaani sauti nzito) hazidai karibu chochote, lakini kwenye hezi 10,000 upinzani wake hushuka hadi kiloomu 145 au karibu na hapo, na amplifaya hulazimika kutoa mkondo huku ikiwa imebeba mamia ya volti. Amplifaya inayopungukiwa hapo hufanya matoazi na kayamba zisikike kama mchanga muziki unapopanda. Sikiliza mahali hapo, kwa wimbo unaoujua kwa moyo, badala ya kusikiliza besi.

Naomba pia urudie ulinganisho wako, kwa kuwa hukusema kama ulisawazisha sauti. Sikio huichukulia sauti iliyo juu kidogo kuwa ndiyo bora, hata ikiwa juu kwa desibeli moja tu. Toboa kadibodi ngumu, pitisha maikrofoni ndogo kwenye tundu, ifunike kwa kikombe cha hedifoni, cheza mlio wa hezi 1,000 na urekebishe kitasa mpaka amplifaya zote zifikie kipimo kimoja. Usijaribu kupima kwenye matundu ya soketi kwa mita ya kawaida. Humo mna volti za kuua. Kisha mwambie mtu mwingine abadilishe amplifaya bila wewe kuona, baada ya zote kupata moto kwa nusu saa.

Kuna gharama ambayo muuzaji huenda hakuitaja. Amplifaya ya soko la Japani hutaka volti 100, na soketi zetu zina volti 240. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha volti, na ya wati 100 au zaidi inatosha. Hezi 50 zetu hazina shida, kwa sababu mashariki mwa Japani nako hutumia hezi 50. Valvu zake mbili za 6FQ7 nazo zitachakaa, na kila zinapobadilishwa ni lazima fundi anayeijua kazi hiyo asawazishe volti za kutolea sauti amplifaya ikiwa wazi na ikiwa moto. Ndani yake mna volti mia kadhaa, na kapasita huzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo usiifungue mwenyewe.

Ningekuwa wewe, ningeichukua ile ndogo, na fedha zinazobaki ningeziweka kwa ajili ya mito mipya ya masikio, ambayo ikibonyea hubadilisha besi kuliko valvu yoyote.

Swali: Nina hedifoni za zamani zenye plagi ya pini sita. Je, zitaingia kwenye amplifaya ya sasa? — *Msomaji, Kericho*

Jibu: Hazitaingia, na usizilazimishe. Pini sita ni za mfumo wa zamani wa volti 230 kwenye utando, na soketi ya volti 580 ina matundu matano, bila lile la katikati, ili mtu asikosee. Kinyume chake kinawezekana: plagi ya pini tano huingia kwenye soketi ya matundu sita, ila sauti itashuka kwa desibeli 8 hivi. Tafuta amplifaya ya zamani yenye soketi za aina zote mbili. Na kwa kuwa uko Kericho, ambako ngurumo za alasiri ni za kawaida, chomoa plagi ya ukutani mawingu yanapojikusanya, usingoje radi ya kwanza.