Tiger ya mwanzo kwa kipimo cha 1:35: utafiti uanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimepata seti ya plastiki ya kifaru cha Kijerumani, Tiger I ya mwanzo, kipimo cha 1:35. Karatasi ya dekali (picha za kubandika kwenye modeli) ina namba 131 na 712 za Tunisia, pamoja na za batalioni ya 502 ya Leningrad. Kwenye fremu kuna vipande vingi ambavyo maelekezo hayasemi ni vya kifaru kipi. Naweza kuunganisha kwanza, halafu namba nikachagua mwishoni? Na rangi nitaijuaje wakati picha zote ni nyeusi na nyeupe?

JIBU: Hapana, namba ichague kabla hujashika gundi, na uichague pamoja na tarehe. Kiwanda cha Henschel huko Kassel kilianza kutoa Tiger Agosti 1942 na kiliendelea kubadilisha vipande mwezi hadi mwezi. Vikosi navyo viliongeza vya kwao. Dekali hizo tatu ni za vifaru vitatu tofauti.

Tazama nyuma ya tareti, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga. Tiger za kwanza zilikuwa na matundu mawili ya kufyatulia bastola, moja kila upande. Kuanzia Desemba 1942 tundu la kulia liliondolewa, pakawekwa mlango wa dharura wa duara. Namba 712, chesisi 250031, ina matundu mawili. Namba 131, chesisi 250122, iliyokamilika Februari 1943, ina mlango. Ukikosea hapo, dekali haitakuokoa.

Vichujio vya hewa vya Feifel, yale makopo na mabomba ya sehemu ya nyuma, havikuwepo kwenye Tiger nne za batalioni ya 502 zilizoingia vitani karibu na Mga, upande wa Leningrad, tarehe 29 Agosti 1942. Za Tunisia zilikuwa navyo, maana vumbi la kule lingemaliza injini. Batalioni ya 501, yenye ile 712, inajitambulisha kwa mbele: taa zake zilitolewa juu ya paa la bodi zikashushwa kwenye bamba la mbele. Kinga zake za ekzosi pia zilikuwa za namna yake. Batalioni ya 504, yenye ile 131 yako, haikufanya hivyo. Kuba la kamanda ni la silinda ndefu kwa zote tatu. Lile fupi lilianza Julai 1943, kwa hiyo liache kwenye fremu.

Sasa namba zenyewe. 131 maana yake ni kampuni ya 1, platuni ya 3, kifaru cha 1. Mfumo huo ulikuwa wa batalioni nyingi, hivyo namba peke yake haithibitishi kitu. Batalioni ya 501 ilipounganishwa na Divisheni ya 10 ya vifaru mapema 1943, kampuni zake zikawa ya 7 na ya 8, na namba zikapakwa upya. Kwa hiyo ukiona picha ya Desemba 1942 ikiwa na namba inayoanza na 7, maelezo yake yana kasoro, irudie tarehe.

Maelezo ya picha yanahitaji kupimwa hata yakiwa ya zamani na yamerudiwa na kila mtu. Kwa miongo mingi ilisemwa kwamba 131 ilitekwa tarehe 21 Aprili 1943 huko Djebel Djaffa. Utafiti wa baadaye, uliokubaliwa na Tank Museum ya Bovington inayokitunza kifaru hicho, umeonyesha ni tarehe 24 Aprili, Gueriat el Atach. Picha zilizopigwa Tunisia mwaka huohuo ndizo uzipe uzito wa kwanza. Tafuta kwenye hifadhi ya Imperial War Museums ya London, na kwa upande wa Wajerumani, Bundesarchiv, yaani hifadhi yao ya taifa. Baada ya hapo tumia ripoti ya Waingereza waliokifungua 131 kipande kwa kipande huko Chobham. Kifaru chenyewe cha leo kiwe cha mwisho: kimepakwa rangi zaidi ya mara moja na kimewekewa injini ya HL230 badala ya HL210 yake. Ukitaka kuacha mlango wa injini wazi, hilo litakuumbua.

Kwa ukubwa wa namba, pima kwenye picha iliyopigwa ubavuni moja kwa moja. Gurudumu lina kipenyo cha milimita 800, yaani 22.9 kwenye modeli. Gurudumu likiwa milimita 32 kwenye picha na namba 20, basi 20 gawanya kwa 32 mara 800 ni 500, sawa na milimita 14.3 kwako. Tareti iko ndani kuliko magurudumu ya nje, hivyo namba halisi huwa kubwa kidogo kuliko hesabu. Picha ya mshazari usiipime kabisa.

Rangi usiisome kwenye picha nyeusi na nyeupe. Kijivu cha RAL 7021 (RAL ni orodha ya Kijerumani ya namba za rangi) kikiwa na vumbi hufanana na njano, na aina ya filamu hubadilisha wepesi na uzito wa rangi. Tumia amri za wakati ule. Leningrad mwaka 1942 ni RAL 7021, na chokaa nyeupe wakati wa theluji. Kwa Afrika, amri ya Machi 1942 ilitaja RAL 8020 na RAL 7027, zikichukua nafasi ya RAL 8000 na RAL 7008, na akiba ya zamani iliruhusiwa kumalizwa. Njano iliyokolea iliamriwa Februari 1943 kwa jeshi zima. Picha ikuonyeshe tu mpaka kati ya rangi mbili uko wapi.

Mwisho, minyororo. Ya vitani ina upana wa milimita 725, kwako 20.7; ya kusafirishia kwa treni ni 520, kwako 14.9. Kila upande una vipande 96. Ukifunga ile myembamba, magurudumu ya nje kabisa lazima yatoke, la sivyo yataning'inia hewani bila mnyororo chini yake.